Figo za Mzee wa Oraba

Simu ilinikuta natoka sokoni Arua na fungu la samaki mkononi, na kabla sijasema lolote sauti ya upande wa pili ikaniambia: "Mwandishi, mzee yetu ametuacha leo baada ya alasiri. Lakini hapana figo! Unasikia? Hapana figo. Moyo ndiyo imesimama. Yeye alisema siku akikufa, kitu ya kwanza nikuambie ni hiyo." Msemaji alikuwa mkwe wa marehemu, mume wa binti yake, na sauti yake ilikuwa inalia na kujivuna kwa wakati mmoja. Nami nilisimama pale machozi yakinitoka, halafu, wasomaji wangu mnisamehe, nikapaza sauti barabarani kama mtu aliyeona bao linaingia: "Si figo! Si figo!" Mwendesha boda mmoja akafunga breki akidhani namwita. Nilimwambia endelea, mimi nina msiba. Alinitazama, akautazama na mdomo wangu uliokuwa unacheka, akaondoka akitikisa kichwa.

Mna haki ya kuelezwa kwa nini mtu mzima alishangilia hivyo siku ya kufiwa. Mzee huyu alikuwa wakala wa forodha pale Oraba, mpakani, ambapo ukivuka tu kizuizi umeshaingia mji wa Kaya, Sudan Kusini. Kazi yake ilikuwa kuyasindikiza makaratasi ya malori mpaka yapigwe muhuri. Baba yake alikuwa askari, kama baba za wengi wa wilaya hiyo ya Koboko, na ingawa yeye mwenyewe hakuvaa sare hata siku moja watu walimrithisha jina la Afande. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kusalia iliyofifia rangi, na sauti ambayo ingeweza kuamuru gwaride. Mimi nilimfahamu nilipokwenda kuandika habari za mpaka. Alinipa chai, akaniambia amekuwa akiisoma safu hii, kisha akanipa hukumu yake bila kuulizwa: "Maneno yako iko muzuri, lakini hii Kiswahili yako navaa viatu. Huku kwetu yeye natembea miguu tupu." Tangu siku hiyo sikupita Koboko bila kwenda kumsalimu, na yeye hakufika Arua bila kunitafuta anitanie.

Pale Oraba kila dereva alimjia na swali moja: tutavuka lini? Foleni huwa ndefu, jua kali, mizigo mingine inaoza, na mtu yeyote angependa kuambiwa saa. Afande hakuwahi kumtajia mtu saa. Yeye alijibu swali kwa swali: "Wewe umefika lini?" Na hapo ndipo vituko vilipoanza, kwa sababu madereva wa foleni hudanganya kuhusu siku ya kufika kuliko jambo jingine lolote, kila mmoja anataka kuonekana ameteseka zaidi ili aonewe huruma asogezwe mbele. Nilimwona kwa macho yangu akimhoji kijana mmoja mwenye lori la saruji. "Mimi nafika jana asubuhi, Afande," kijana akasema, uso mkavu. Mzee hakubisha. Alikwenda mbele ya lori, akaweka kiganja juu ya boneti, akakituliza pale kama mama anayepima homa ya mwanawe. "Jana? Mbona hii kitu nachoma mukono yangu? Hii jana yako iko na moto kweli." Foleni nzima ikaangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka. Kisha mzee akamwambia kwa upole kabisa: "Mimi hapana weza kukuambia utavuka lini, kama wewe nanidanganya umefika lini. Sema kweli, tutafute njia."

Mtu huyo huyo, bwana wa boneti, ndiye aliyeletwa Arua mwaka mmoja akiwa hajitambui vizuri. Mkwe wake alimleta kwa gari, kwa sababu watoto wa kiume wa mzee wako mbali, mmoja Juba na mwingine Kampala, na mimi nikaitwa kwa kuwa ninaishi karibu na hospitali na nawajua watu wa pale. Nilipomwona nilishtuka. Miguu imevimba, anatapika, kwikwi haimwachi, na tumbo lake chini ya kitovu limejaa na kukaza. Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo wa hapa hapa Arua, mwenye maneno machache. Akaweka mkono juu ya ile sehemu iliyojaa, mzee akagumia, na binti akasema kibofu kimejaa mpaka pomoni. Tezi dume ilikuwa imekua ikabana njia, mkojo ukakosa pa kutokea, ukarudi nyuma mpaka kwenye figo, na figo zikalemewa zikaacha kusafisha damu. Ndiyo maana alikuwa anasinzia katikati ya sentensi. Damu yake yenyewe ilikuwa chafu.

Wakamtia mpira wa mkojo. Jamani! Sijui kama kuna sauti nzuri kuliko ile ya mkojo unaoanza kushuka katika mfuko wa mtu aliyekuwa anakufa kwa kuukosa. Mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Wodi yote ikachangamka. Wagonjwa waliokuwa wamelala wakaketi, jamaa zao wakasogea, mama mmoja mkimbizi wa kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anamuuguza kaka yake akapiga vigelegele, na watu wa kitanda cha jirani wakaanza kutoa taarifa kama redio inayotangaza soka: "Ingine imejaa! Ingine imejaa!" Mkojo ukaendelea kutoka kwa wingi wa ajabu hata wauguzi wakalazimika kumwongezea maji kwa dripu asije akakauka. Mzee alipopata fahamu akaambiwa anywe maji pia, akakataa: "Nikunywe, halafu hii mfuko ijae tena? Hapana, wacha ipumzike." Ilibidi muuguzi amweleze kwamba figo zilizofunguliwa ghafla humwaga hata maji ambayo mwili unayahitaji, na asipoyarudisha atazidhuru upya. Akanywa, lakini kwa kununa.

Na anayemwaga mfuko ule alikuwa nani? Mkwe. Hospitali zetu mnazijua: mgonjwa haji peke yake, anakuja na mtu wake wa kumwogesha, kumpikia na kumsaidia, na Afande hakuwa na mwingine pale. Lakini kwa watu wa kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uchi, hawataji mambo ya chini ya mkanda, hata mzaha wao una mipaka. Basi kijana yule alikuwa anainama kando ya kitanda, anageuza uso wake wote kuelekea dirishani, anapapasa mfuko kwa mikono bila kuuangalia, anaufungua, anaumwaga katika ndoo, anaufunga, na wala hakumwaga tone chini. Mzee naye wakati huo alikuwa akitazama dari kana kwamba pale juu kuna maandishi. Mimi nilikaa kati yao nikijizuia kucheka, na pia, nakiri, nikiwapenda wote wawili kupita kiasi.

Nilidhani kazi imekwisha. Njia imefunguka, mkojo unatoka, tumrudishe mzee Oraba! Nikamfuata daktari ukumbini nikamshukuru kwa sauti kubwa, naye akanipunguzia mwendo. "Mimi nimefungua njia tu," akasema. "Figo itarudi ama hapana rudi, hiyo ni kitu ingine, na leo hapana mutu anaweza kuapa." Nikamuuliza, basi mnatabirije? Ah, hapo akafurahi, na mimi nikafurahi kumwona anafurahi, kwani ukimgusa mtu kwenye kazi anayoipenda hata maneno machache yanaongezeka. Akaniambia wanaangalia mambo kadhaa. Nyama ya figo kwenye picha ya altrasaundi, kama bado nene au imekondeshwa na shinikizo. Kama kuna uchafu wa maambukizi. Kama damu imepungua, maana figo iliyougua zamani huiacha damu ikipungua. Na kile kipimo cha damu wanachokiita kreatinini, ambacho hupanda figo zikizembea na hushuka zikiamka. "Lakini namba moja hapana niambia kitu," akasema. "Nataka ya leo, na ya kesho, na ya kesho kutwa, nione naenda wapi. Na juu ya yote, nataka kujua njia ilifungwa lini. Figo ya kubanwa siku chache, na figo ya kubanwa mwaka, hapana safari moja." Nilirudi wodini nikiwa na joto la mtu aliyepewa siri ya ulimwengu.

Basi akaja kando ya kitanda akauliza lile swali, kalamu mkononi. "Mzee, hii shida ya kukojoa imeanza lini?" Mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, chupa ya chai magotini. Mzee akasafisha koo. "Wiki hii tu, daktari." "Kabla ya hapo?" "Kabla ya hapo muzuri kabisa. Kama bomba." Mkwe akatazama sakafu. Daktari akaandika, akaniambia kwa macho kwamba hiyo ni dalili njema, na mimi nikaanza kumpangia mzee sherehe.

Siku zilizofuata zilianza kwa raha na kuishia kwa hofu. Kile kipimo kilishuka kwa kasi, tukashangilia, kisha kikapunguza mwendo, kisha kikasimama mahali pabaya. Picha ya altrasaundi ikaonyesha figo zilizokonda. Daktari akaniita tena ukumbini, safari hii hana furaha. "Hii mambo hapana kubaliana," akasema. "Picha nasema ni kitu ya zamani. Mzee nasema ni wiki. Kama kweli ni wiki, basi figo iliharibiwa na kitu ingine kabla, pengine presha, na hiyo mpira yangu hapana irudishe. Lazima tupange Kampala, kwa mashine." Alikuwa anasema mashine ya kusafisha damu. Mtu anayeitegemea huishi karibu nayo, wiki baada ya wiki, maisha yake yote. Mwana wa Kampala alikuwa tayari anamtafutia baba yake chumba. Nikampelekea mzee habari hizo, na uso wake ukanyauka. "Kampala mimi nafanya nini? Nangoja mashine kama lori nangoja muhuri? Afadhali mnirudishe kwetu Abuku, nikafe karibu na kaburi ya baba yangu." Hakuwa anatishia. Alikuwa ameshaamua.

Niliona ana neno limemkaa kooni, na niliona pia kwamba kila likitaka kutoka macho yake yanamwendea mkwe. Na mkwe yule habanduki! Anasali barazani, anakula mkekani, analala chini ya kitanda. Basi nikazusha kwamba redio ya mzee haina betri na mimi mguu unaniuma. Kijana akatoka mara moja kwenda kununua. Hajavuka hata mlango wa wodi, vidole vya mzee vikanishika kifundo cha mkono. "Mwandishi, hii kitu si ya wiki. Ni tangu Ramadhani. Hapana hii ya juzi, ile ingine ya nyuma. Tarawehe mimi nasimama kwa safu, natoka, narudi, natoka. Mpaka nikaanza kusalia pale karibu na mlango. Natoka tone-tone, mara nafunga, mara nafungua. Na maji nikaacha kunywa, ili udhu yangu isivunjike." Nikamuuliza, kwa nini basi hukumwambia daktari? Akanitazama kama mwehu. "Mbele ya mkwe? Mutu ameoa binti yangu, mimi nikae mbele yake naeleza mkojo?" "Lakini hukuona haya mbele ya daktari, na yeye ni mwanamke mdogo." "Daktari hapana mwanamke," mzee akasema kwa ukali. "Daktari ni daktari. Mkwe ni mkwe."

Nikashindwa kujizuia. Nikaweka kiganja changu juu ya tumbo lake, juu ya shuka, nikakituliza. "Afande, wewe unasema umefika wiki hii. Mbona boneti imepoa zamani?" Kwanza alikodoa macho. Kisha kicheko kikampanda kutoka chini kabisa, kikamtikisa yeye na mpira na mfuko, mpaka akashika ubavu akiniomba niache. Alipotulia akafuta macho kwa pembe ya shuka na kusema polepole, "Ita daktari. Haraka, kabla ya betri kurudi."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu kukimbia ukumbini hospitalini si jambo la adabu, lakini nilikimbia. Daktari akaja, mzee akasema yote kwa mkupuo, Ramadhani, mlango wa msikiti, tone-tone, maji aliyoacha kunywa, na binti yule akaacha kuandika, uso ukamfunguka. "Mzee! Hii ni habari muzuri!" "Mwaka mzima ndiyo muzuri?" mzee akauliza, amechanganyikiwa. Akamweleza. Si habari nzuri kuliko wiki ya kweli; mwaka wa kubanwa umekula sehemu, na sehemu hiyo haitarudi. Lakini sasa picha na maneno vinakubaliana. Aliyezikondesha figo ni kizuizi chenyewe, kilichokuwa kinabana na kuachia, si ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Na kizuizi tumeshakiondoa. Figo za namna hiyo huamka kwa uvivu, kwa wiki na miezi, na kipimo kinachosimama leo kinaweza kuanza kushuka tena. "Mimi hapana weza kuapa," akasema. "Nasema tu tungoje kabla ya Kampala. Damu ipimwe kila wiki. Kama naenda chini, hata kidogo kidogo, wewe narudi Oraba." Mkwe akaingia na betri zake akatukuta watatu tunacheka. Alizitia redioni, akaiweka karibu na sikio la mzee, akaketi.

Miezi iliyofuata niliishi kama mwenye timu kwenye ligi. Mzee aliruhusiwa akarudi Koboko na mpira wake na mfuko wake uliofichwa ndani ya kanzu. Sheikh wa msikiti wao akamtuliza moyo kwamba mwenye udhuru hutawadha kwa kila sala na kusali, wala Mola hamfungii mlango kwa ajili ya mpira. Kila wiki akaja Arua kutoa damu, na jioni ile simu inalia: "Mwandishi! Imeshuka!" Kidogo, lakini imeshuka. Wiki nyingine imesimama, tunanuna. Wiki nyingine imeshuka tena! Madereva wa Oraba wakaanza kuifuata, nilipokwenda pale dereva mmoja nisiyemjua aliniuliza kabla ya salamu, "Namba ya Afande iko wapi leo?" Hatimaye ikatua mahali ambapo daktari alisema panatosha. Si figo za kijana, akaonya, na asizichezee kwa dawa za maumivu za dukani wala mizizi ya sokoni, lakini ni figo za mtu wa kuishi nazo. Akafanyiwa upasuaji wa tezi, mpira ukatolewa, na siku aliyoweka tena kiganja chake juu ya boneti ya lori pale mpakani mimi nilikuwepo, na sioni haya kusema kwamba nililia. Ndipo akaniapisha: "Siku nakufa, wewe na daktari muambiwe kwanza kama ni figo. Mimi nasema hapana kuwa figo." Akaishi miaka mingine mizuri, akibishana na watu kama kawaida yake.

Kwa hiyo jioni ile ya simu, kabla hata ya kupeleka samaki nyumbani, nilikwenda hospitali kumtafuta daktari. Sasa ni mtu mzima, ana wanafunzi nyuma yake. Aliposikia amekufa akashika mdomo, na swali lake la kwanza mnalijua. Nikamjibu, si figo, ni moyo, na binti yule, msomi mkubwa, akaruka pale ukumbini. Halafu akalia kidogo. Nilimngoja amalize mgonjwa aliyekuwa naye, mzee mwingine aliyeletwa na familia nzima, na nikaona kitu. Kabla ya kuuliza lolote aliwageukia jamaa akawaagiza kwa upole, huyu akaone foleni ya maabara, yule akatafute maji ya kunywa, wewe ukamwite muuguzi. Na mlango ulipofungwa ndipo alipovuta kiti akamwinamia mzee. Wanafunzi wake walikuwa wanaandika. Sikumuuliza alijifunza wapi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili njiani kwenda mazikoni. Sisi hutaka kutabiriwa. Tunamwendea daktari, wakala, mwalimu, mganga, tunauliza mambo yatakwishaje, na tunakasirika wakikataa kutaja siku. Lakini mwisho wa mambo mengi umelala katika mwanzo wake, na mwanzo tunao sisi wenyewe, tumeukalia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi naona mficha mkojo hapati hata nafasi ya kuzikwa na wajukuu wake. Wala sitaki kuitukana heshima yetu, maana ni heshima hiyo hiyo iliyomfanya kijana amwage mfuko wa baba mkwe kwa miezi huku uso wake uko dirishani. Tatizo ni kwamba tumempa kazi ya kutuuguza yule yule ambaye mila imetukataza kumwambia tunaumwa wapi. Hilo si la kulivunja kwa nyundo. Ni la kulitafutia mlango.

Tulimzika asubuhi kule Abuku, karibu na baba yake kama alivyotaka, ila miaka mingi baadaye kuliko alivyodhani. Baada ya dua wanaume walikaa kwenye mikeka kando ya shamba la mihogo, na wakwe, ambao ndio wenye kazi za msiba kwetu, wakawa wanapitisha chai. Mkwe wa marehemu akaja akakaa nami, akaniambia jambo moja. "Mwandishi, zile betri. Mimi nilikuwa na zingine mfukoni." Nikamwangalia. "Ramadhani ile mimi nilikuwa nasali safu ya nyuma yake. Naona anatoka, anarudi. Naona siku zote. Kusema hapana weza, ni baba mkwe. Wewe uliponituma, nikasema ndani ya roho, asante Mungu, kimbia." Alikuwa anajua! Mwaka mzima wote wawili walikuwa wanajua, kila mmoja anamchunga mwenzake asiaibike, na figo zinakonda kati yao. Nilimshika mkono tu.

Wakati huo huo mzee mmoja rika la marehemu, aliyekuwa amekaa mbele yetu, akageuka. Tangu nifike nilikuwa nimemwona akiinuka mara kwa mara kwenda nyuma ya nyumba na kurudi bila raha. "Mwandishi," akasema kwa sauti ya chini, "ile daktari ya Afande, bado iko Arua?" Nikamwambia yupo. Nikamuuliza, "Kwako imeanza lini, mzee?" Akajibu haraka, "Juzi tu, juzi." Na macho yake yakapepesa kuelekea kwa vijana wenye mabirika ya chai, ambao wawili kati yao walikuwa waume wa binti zake.

Mkwe wa marehemu alisimama bila kuambiwa na mtu. Akajikung'uta kanzu, akaita kwa sauti ambayo nilidhani imezikwa asubuhi ile, sauti ya gwaride: "Wakwe yote! Maji imekwisha. Wakwe yote, tuende kisimani!" Wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakachukua madumu, hata yaliyojaa, wakamfuata kwenye njia ya kisima, naye hakugeuka nyuma kututazama. Tukabaki wazee peke yetu. Rika la marehemu akawatazama mpaka wakapotea, akainua mkono akanionyesha lile shamba la mihogo kando yetu, mihogo mirefu kupita kichwa cha mtu, iliyokomaa, inayongoja kung'olewa.

"Siku ilianza, tulikuwa tunapanda hii," akasema.

Nikamsaidia kusimama. Gari langu lilikuwa kivulini, na Arua si mbali.